Hadubini Kumi na Mbili kwa Kampasi Tatu

Hadubini hubebwa kwa mikono miwili. Mkono mmoja unashika shingo yake, wa pili unakaa chini ya kitako, na wewe unatembea kama mtu anayepelekea wakwe sufuria ya uji wa moto. Nimeanza na hilo kwa sababu nyinyi vijana mliomaliza kozi za maabara juzi juzi, mnaokuja hapa kwangu Mumbuni kuniuliza kazi ya chuo kikuu ilikuwaje, huwa mnatarajia nianze na hotuba. Hotuba nilizisikiliza miaka yote niliyofanya kazi, nikashiba. Mimi nilikuwa fundi wa labu. Nilifunzwa kubeba, kusafisha na kunyamaza, na katika hayo matatu kuna moja ninalojuta kulijua vizuri.

Chuo chetu sitakitaja. Makao yake makuu yako mbali, na sisi wa Machakos tulikuwa tawi. Nilipoajiriwa tulikuwa na jengo moja mjini, labu moja, na choo kimoja ambacho ufunguo wake ulikaa kwa karani. Baadaye tukaanza kukua. Kukua kwetu kulionekana zaidi kwenye mabango. Kwanza tuliitwa tawi, kisha tukaitwa kampasi, kisha asubuhi moja nikamkuta mchora mabango akiongeza neno "Utafiti" kwenye ubao wa langoni. Nafasi ilikuwa imemwishia, kwa hiyo herufi tatu za mwisho zilipanda juu kama zinakimbia mafuriko.

Nikamuuliza, "Utafiti gani huo?"

"Mama, mimi nimepewa tu rangi," akanijibu.

Aliyempa rangi alikuwa Profesa Mulei, mkurugenzi wetu. Msimdhanie mtu wa kelele. Alikuwa mpole, mkarimu wa chai, na alipenda kukata utepe kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumwona. Ukutani ofisini kwake kulikuwa na ramani, na kila alipofungua kampasi alichomeka pini nyekundu, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Kampasi ya Kangundo ilikuwa orofa ya pili juu ya duka la mikate, na wanafunzi walisoma habari za minyoo ya tumbo huku wakinusa skonzi. Kampasi ya Mitaboni ilikuwa ghala la zamani la kahawa. Siku ya kulifungua, Profesa alisimama mbele ya machifu, mapadri na wachungaji akasema kwamba hapo patakuwa kitovu cha sayansi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikitafuta soketi za umeme. Nilizihesabu kwa haraka kwa sababu ilikuwa moja.

Niwaambie kwanza nilivyofunzwa kazi, ndipo mtaelewa kilichonipata huko Mitaboni. Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Kilonzo, mtu mkavu, mwenye koti jeupe ambalo lilikuwa jeupe kweli. Wiki yangu ya kwanza nilibeba hadubini kwa mkono mmoja kama kikapu cha soko. Ile lenzi ya juu, unayowekea jicho, ikateleza ikaanguka sakafuni. Mzee Kilonzo hakunifokea. Aliiokota, akaikagua, akanikalisha kwenye stuli, akaniwekea tone la maji ya dimbwi kwenye slaidi.

"Chora," akasema.

Nikamchorea amiba nzuri sana, na miguu yake ya uongo pande zote. Akaitazama karatasi, akainama akatazama ndani ya hadubini, akarudi kwenye karatasi.

"Huyu umemwona wapi?"

"Kwa kitabu, Mzee."

"Basi kaajiriwe na kitabu."

Nilikaa pale hadi saa kumi jioni nikichora uchafu: nyuzi za kijani, unywele wa mtu, na kidudu kimoja kilichokuwa kinazunguka ambacho hadi leo sijui jina lake. Hiyo ndiyo karatasi aliyoipokea. Baadaye alinifunza mengine. Lenzi haifutwi kwa shati wala kwa leso, hata kama shati limetoka kufuliwa, kwa sababu kitambaa kina mchanga usiouona na lenzi itauona. Mafuta unayodondoshea slaidi ili lenzi kubwa ione vizuri yafutwe kabla hayajakauka. Ukimaliza kazi, acha lenzi ndogo ndiyo iwe chini, la sivyo atakayekufuata atavunja slaidi na utalaumiwa wewe, na ni haki.

Hadubini namba saba ilipovunjika kile kidude cha kuzungusha ili picha iwe wazi, tuliandika barua kuomba kipuri. Barua ilikaa ofisini muhula mzima. Mzee Kilonzo akaenda nyumbani, akang'oa kidude cha redio yake, cha rangi ya fedha chenye mshale mdogo mwekundu, akakitia. Kilikaa vizuri kuliko kile cha kiwandani. Mzee alistaafu, kisha akafariki, na kidude chake kikaendelea na kazi bila kuomba likizo.

Sasa, Mitaboni. Chuo kilianzisha huko, kama mjini na Kangundo, diploma ya labu za hospitali, na mimi, kwa kuwa fundi ndiye mtu wa bei nafuu, nikapewa kwenda kufundisha vitendo kila Alhamisi. Vitendo vyenyewe nilivifanya kwa chaki. Hapakuwa na hadubini hata moja. Nilichora ubaoni vimelea vya malaria, chembe za damu kwa chaki nyekundu, vimelea kwa chaki ya buluu, na wanafunzi wakanakili. Nilichora vizuri mno. Nilikuwa nafanya kitu kile kile ambacho Mzee Kilonzo alinikalisha stuli siku nzima ili nisikifanye tena, na nilikifanya mbele ya darasa, kwa mwandiko mzuri.

Nilimwambia Profesa, mara nyingi. Kila mara alinijibu kwamba vifaa viko njiani. Kwa miaka miwili viliendelea kuwa njiani. Nikaanza kuamini vinakuja kwa miguu.

Halafu barua ya wakaguzi ikafika. Walikuwa wanakuja kuona kama kozi ile inastahili kuendelea: Jumatatu Machakos mjini, Jumanne Kangundo, Jumatano Mitaboni. Profesa akaniita ofisini, akanimiminia chai yeye mwenyewe.

"Mama Mwende, tuko na hadubini ngapi?"

"Kumi na mbili, Profesa. Zote ni za hapa mjini."

"Hapana. Sema kumi na mbili za chuo." Akakoroga sukari taratibu. "Na chuo kiko kila mahali."

"Lakini hadubini haziko kila mahali."

"Ndiyo maana tuko na pikapu."

Nikamwambia wanafunzi wa Mitaboni hawajawahi kugusa hadubini. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto habari za mvua.

"Wakaguzi wanakagua vifaa, Mama. Hawakagui wanafunzi."

Ningeweza kukataa. Mnaponiuliza kwa nini sikukataa, huwa mnatarajia nitaje woga, na woga ulikuwepo, maana nilikuwa nimekaribia kustaafu. Lakini zaidi nilikuwa nimezoea. Mtu akishazoea kufundisha malaria kwa chaki, kupakia hadubini kwenye pikapu si hatua kubwa.

Jumatatu wakaguzi walikuja watatu. Wawili walikagua kizima moto, wakasaini kitabu cha wageni, wakaelekea kwenye maandazi. Wa tatu alikuwa daktari, mama mfupi mwenye viatu bapa, ambaye hakutaka maandazi. Alikaa kwenye kila hadubini, akaweka jicho, akazungusha. Alipofika namba saba akasimama.

"Na hiki?"

"Ni kidude cha redio, Daktari. Fundi wetu alikitengeneza."

"Kinafanya kazi kuliko cha kwangu ofisini," akasema, akaandika kitu.

Walipoondoka tu tulizifunga kwa magodoro ya hosteli, tukazipakia. Dereva wetu Kioko, kijana mchangamfu, alichungulia nyuma ya gari.

"Mama, haya ni mayai ama ni nini?"

"Ni kozi, Kioko. Endesha polepole."

Kangundo tulizipandisha ngazi moja moja, tukipita mbele ya duka la mikate, na mwenye duka akaniuliza kama tunafungua kliniki. Nikamwambia hapana, tunafungua Jumanne tu.

Jumanne Daktari akaja, akakaa, akazitazama moja moja. Nilimwona akifika kwenye ile yenye kidude cha fedha. Alikizungusha kidogo, akaurudisha ule mshale mwekundu pale ulipokuwa.

"Nyinyi watu wa hiki chuo mnapenda sana vidude vya redio."

"Fundi alikuwa mmoja, Daktari," nikasema.

Hilo lilikuwa kweli. Kweli za namna hiyo, vijana, ndizo za kuogopa, kwa sababu zinatoka mdomoni bila kukwama. Daktari alinitazama juu ya miwani yake kwa muda, kisha akaandika. Nje, Profesa alinishika bega akaniambia nimejibu vizuri sana, ningekuwa wakili. Nimewahi kufokewa na wakubwa wengi, lakini hakuna aliyeniumiza kama yeye na sifa zake siku ile. Kisha akaniagiza kwamba Mitaboni namba saba iwekwe pembeni na ifunikwe.

Jumatano asubuhi tulifika Mitaboni mapema. Wanafunzi walikuwa wamepangwa mlangoni wakiwa na makoti meupe. Chuo kilikuwa kimeyaazima kwa wenye bucha wa sokoni, na kijana mmoja mrefu alikuwa ameandikwa mgongoni "Nyama Safi". Nilizipanga hadubini kumi na moja mezani, ya kumi na mbili nikaifunika kwa kitambaa kwenye kona. Nikaweka slaidi za malaria nilizotoka nazo mjini, kisha nikawaambia waje watazame kabla wageni hawajafika.

Wa kwanza kukaa alikuwa Syokau, msichana wa hapo hapo Mitaboni, binti ya mkulima. Ndiye aliyekuwa akinifutia ubao kila Alhamisi, na kila mara alisita kidogo kabla ya kufuta, kama anayeona ni hasara. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Mwaitu," akasema mwishowe. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na wote waliniita hivyo. "Hivi ndivyo viko?"

"Ndivyo viko."

"Ni vidogo sana. Vile vya ubaoni vilikuwa vikubwa kama sahani." Hakuna aliyecheka. "Na hiki kingine hapa kando, hiki si uchafu tu? Nitajuaje?"

"Utajua kwa kutazama slaidi nyingi."

"Mimi nimetazama ngapi?"

Akarudisha jicho kwenye lenzi, akazungumza akiwa ameinama hivyo hivyo.

"Mwezi ujao tunapelekwa mafunzo ya hospitali. Nitapewa damu ya mtu niisome."

Hakunilaumu. Alisema kama mtu anayekutajia saa. Nikasimama pale nikiwa nimeshika kisanduku cha slaidi, nikamwona mtu ambaye simjui, mgonjwa wa mahali fulani, akingoja kwenye benchi nje ya dirisha la labu, na ndani yuko mwanafunzi wangu akitafuta kitu kikubwa kama sahani.

Wakaguzi wakaingia. Profesa akaanza kueleza historia ya ghala na ndoto zake. Daktari hakumngoja amalize. Akaenda moja kwa moja kwa Syokau.

"Unasoma nini hapo?"

"Malaria, Daktari."

"Nigeuzie lenzi ya mafuta."

Mkono wa Syokau ukaenda juu ya hadubini, ukashuka, ukapita huku na huku, kama mtu anayetafuta chumvi jikoni kwa watu. Mwishowe akashika taa.

"Umetumia hadubini mara ngapi?" Daktari akauliza, kwa sauti ya kawaida.

"Wanafunzi wetu huwa na vipindi kila wiki," Profesa akasema.

"Nimemuuliza yeye."

Syokau akanitazama mimi. Ningependa kuwaambia macho yake yalikuwa yanaomba msaada, lakini hayakuwa hivyo. Alikuwa anangoja nimwonyeshe aseme nini. Mimi nilikuwa mwalimu wake, na kama ningeitikia kwa kichwa angesema mara nyingi, kila wiki, tangu mwaka wa kwanza. Angelisema vizuri, jinsi alivyonakili michoro yangu.

"Leo ndiyo mara yake ya kwanza, Daktari," nikasema. "Hata wenzake. Nimezileta mimi asubuhi hii. Jana zilikuwa Kangundo, juzi zilikuwa mjini."

Nikaenda kwenye kona nikaondoa kitambaa kwenye namba saba. Profesa alianza kusema neno, akaliacha katikati. Wale wakaguzi wawili wengine walitazama dari, ambayo haikuwa na kitu cha kutazamwa ila mabati.

Daktari akafunga kalamu yake. "Nilijua tangu jana," akasema. "Zifungwe vizuri mkizirudisha. Ile barabara si nzuri."

Msidhani baada ya hapo nilibebwa juu juu. Kozi ilisimamishwa Kangundo na Mitaboni, na wanafunzi wakaagizwa wahamie mjini waanze vitendo upya, maana yake mwaka mzima ulipotea. Mimi niliandikiwa barua nieleze kwa nini nilisafirisha mali ya chuo bila idhini ya maandishi. Ilikuwa kweli, sikuwa na idhini ya maandishi. Niliyopewa ilikuwa ya mdomo na ilikuja na chai. Nikapata onyo, likawekwa kwenye faili yangu. Profesa naye aliitwa makao makuu akapewa ofisi kubwa zaidi. Akawa mkuu wa ubora wa masomo katika kampasi zote. Nilihudhuria sherehe ya kumuaga. Alikata keki, kwa kuwa utepe haukuwepo, na akasema mambo mengi ya kweli kuhusu uadilifu.

Hayo yote niliweza kuyacheka, hata wakati ule. Nisiloweza kulicheka ni Jumamosi moja baadaye, saa nne asubuhi, baba yake Syokau alipokuja hapa nyumbani. Mzee Mutua alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nilimkaribisha chai akakataa, akakaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

"Mama Mwende, mimi ni mkulima," akasema. "Nataka nielewe pole pole. Msichana wangu alisoma miaka miwili?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hakusoma?"

"Alisoma nusu."

"Na wewe ulikuwa unakuja kila Alhamisi."

"Nilikuwa nakuja."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea bei ambayo alishaisikia sokoni.

"Wale wakubwa, mimi siwezi kuwashangaa. Wao hawajui hata mlango wa hilo ghala uko upande gani. Lakini wewe ulikuwa unaingia ndani. Ulikuwa unaonana na hao watoto uso kwa uso." Akageuza kofia. "Huko Mitaboni watu wanasema wewe ni mama jasiri. Mimi nimekuja kukuambia ulichelewa."

Katika kazi yangu nimesoma ripoti nyingi kuhusu ile kampasi, zenye majalada ya rangi na picha za wanafunzi wanaotabasamu. Hiyo ya Mzee Mutua ndiyo pekee iliyokuwa sahihi. Hata sasa, mnaponisifu kwa ile Jumatano, huwa nawakumbusha kuhesabu Alhamisi zote zilizokuja kabla yake.

Akasimama kuondoka. Mlangoni akageuka.

"Huko mjini ataanza lini?"

"Jumatatu, saa mbili."

"Atakuja."

Alikuja. Alifika saa moja na nusu, kabla sijafungua labu, akiwa amevaa koti jeupe ambalo mama yake alilishona kutokana na shuka. Darasa lilikuwa limejaa, wanafunzi watatu kwa kila hadubini, lakini wenzake wawili hawakuwa na haraka, wakamwachia. Asubuhi nzima alitazama slaidi moja. Aliniita mara tatu kunionyesha kimelea, na mara zote tatu kilikuwa doa la rangi. Mara ya nne nikainama, nikatazama, nikatazama tena ili nihakikishe, kisha nikamwambia ndiyo, huyo ndiye.

Hakutabasamu. Alichora alichokiona, kidogo kama kilivyokuwa, pembeni kabisa mwa karatasi.

Wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki. Alifuta mafuta kwenye lenzi kama nilivyomwonyesha, akachukua kifuniko cha plastiki, akatazama mlangoni.

"Mwaitu, naipeleka wapi? Gari iko nje?"

"Hakuna gari."

"Sasa niiweke wapi?"

"Iache hapo mezani," nikamwambia. "Inakaa hapo."

Alisimama kidogo na kifuniko mkononi. Kisha akakiweka chini, akavuta stuli, akakaa tena.